Safari ya nje kwa begi la kilo 7

Anza na pasipoti: nchi nyingi hutaka iwe na angalau miezi 6 kabla ya kuisha. Kama unakokwenda wanadai kadi ya homa ya manjano, chanja mapema, maana huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano.

Koti la baridi tafuta mitumba ya soko la Karume, Dar es Salaam, kisha livae siku ya safari badala ya kulipakia. Tiketi nyingi za bei nafuu huruhusu kilo 7 tu mkononi, na ziada hulipiwa ghali kaunta. Pima begi nyumbani. Chupa za mafuta na losheni zisizidi mililita 100. Pawabenki ibebe mkononi, isiende kwenye mzigo wa chini: betri yake inaweza kushika moto. Na foleni ya Barabara ya Nyerere, ya kwenda uwanja wa ndege, haijui ndege yako, toka mapema.