Kabla hujamfungia mbuzi wa Idi uani

Huku kwetu Lamu, tangu Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, wengi huanza kunenepesha ndafu wa Idi Kubwa. Hufungwa uani, akapewa pumba asubuhi na jioni. Nawaomba mnisikilize kabla hamjamfunga kamba, kwa kuwa pumba hizo hizo zaweza kumuua.

Pumba zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo. Fosforasi ikizidi huingia kwenye mkojo ikaganda kuwa changarawe. Jike huzipitisha kwa urahisi. Dume njia yake ni nyembamba, imepinda, na nchani ina kijimkia kama uzi. Hapo ndipo zinapokwama. Aliyehasiwa mdogo mno yuko hatarini zaidi, maana njia yake haikupata kupanuka. Basi kabla ya kuuliza bei, ulizeni alihasiwa lini.

Majani yawe ndiyo chakula chenyewe, pumba zionjwe tu. Majani ya mlusina, ule mti wa malisho, na ya kunde yana kalisi nzuri.

Maji ndiyo makubwa kuliko yote. Mbuzi ni mteuzi: ndoo ikipigwa na jua au ikiingia kinyesi haigusi, na mkojo ukiwa mzito huganda upesi. Iwekeni kivulini, muioshe kila siku.

Kila asubuhi inameni mtazame nywele za pale anapokojolea. Mkizipapasa mkakuta chembe ngumu kama sukari, punguzeni pumba siku hiyo hiyo na mumwite daktari wa mifugo. Akijikamua, akilia, mkojo ukitoka tone tone, hapo hakuna kungoja. Wengi hudhani amefunga choo, wakampa mafuta, na saa zinapita.

Sisi tulingoja. Wetu alijikamua usiku kucha na mchana wake. Asubuhi ya pili akatulia, na mama akasema alhamdulillahi, amepona. Kumbe kibofu kimepasuka, na mkojo wote unamwagikia tumboni. Tumbo likatuna chini, pande zote mbili. Ukiligonga huku, wimbi lafika kwenye kiganja cha upande wa pili. Hakufika Idi, na hata angefika, mnyama mwenye ugonjwa wa dhahiri hafai kwa udhhiya, ile dhabihu ya Idi.

Namba ya daktari wa mifugo iwekeni kwenye simu leo. Ikiwa anakaa ng'ambo, Mokowe, mtafuteni na nahodha atakayekubali kumvusha usiku, mkubaliane nauli mapema.