Kuhama Jimbo Ghali Marekani: Hesabu ya Kufanya Kabla ya Kukodi Lori

Waafrika Mashariki wengi waishio California, Massachusetts, New Jersey na maeneo ya Seattle wamefungasha virago kuelekea Texas, Georgia, North Carolina, Ohio au Indiana, na wengine wengi wanafikiria kuwafuata. Sababu wanayoitoa ni ileile: kodi ya pango imemaliza mshahara. Sababu hiyo ni ya kweli na haihitaji kutetewa. Tatizo ni kwamba mazungumzo yanayotangulia safari, kwenye makundi ya WhatsApp na nje ya kanisa au msikiti baada ya ibada, huzunguka mambo mawili tu, yaani bei ya nyumba na madai kwamba “Texas hakuna kodi”, ilhali kitakachoamua kama familia itapumua ni kiasi kinachobaki mwisho wa mwaka baada ya kulipa kila kitu, kwa kazi unayoifanya wewe na kwa makaratasi uliyo nayo wewe.

Tuanze na hilo la kodi, kwa kuwa ndilo linalopotosha wengi. Majimbo tisa hayatozi kodi ya mapato kwenye mshahara: Alaska, Florida, Nevada, New Hampshire, South Dakota, Tennessee, Texas, Washington na Wyoming. Washington imo kwenye orodha hiyo, na bado hakuna aliyewahi kuisifu Seattle kwa urahisi wa maisha. California, kwa upande wake, ina kiwango cha juu cha asilimia 13.3, lakini kiwango hicho huwahusu watu ambao mapato yao yamevuka dola milioni moja. Mfanyakazi asiye na familia anayepata dola 45,000 kwa mwaka hulipa kodi ya mapato ya jimbo isiyofika dola 1,000, ukiacha makato ya bima ya ulemavu. Kwa hiyo mwenye mshahara wa kawaida anayehama ili kumkwepa mtoza kodi wa California anakimbia kivuli. Kinachommaliza ni pango, na hilo ndilo alipigie hesabu.

Isitoshe, jimbo lisilogusa mshahara hutafuta fedha kwingine. Texas hutoza kodi ya mauzo ya asilimia 6.25, na miji huongeza ya kwake hadi jumla ifike 8.25. Tennessee hutoza asilimia 7 kwa upande wa jimbo peke yake, na katika baadhi ya wilaya jumla hufika 9.75. Ohio ina kodi ndogo ya mapato ya jimbo, lakini wanaokwenda Columbus hushangaa kukuta jiji lenyewe linakata asilimia 2.5 ya mshahara. Indiana nayo ina kodi ya mapato ya kila wilaya. Oklahoma ina jambo linalotugusa moja kwa moja: anayetuma fedha kupitia mawakala wa kutuma fedha hutozwa na jimbo dola 5 kwa kiasi kisichozidi dola 500, na asilimia 1 ya kinachozidi hapo. Fedha hiyo unaweza kuidai katika ritani yako ya kodi ya jimbo, iwapo utakuwa umetunza risiti. Anayetuma nyumbani kila mwezi na kutupa risiti anaichangia hazina ya Oklahoma kwa hiari yake.

Mshahara nao hushuka unapovuka mpaka wa jimbo, na hapa ndipo hesabu za wengi huharibika. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu kimesimama kwenye dola 7.25 kwa saa tangu 2009, na Texas, Georgia, North Carolina, Tennessee na Indiana hufuata kiwango hicho, wakati California ilikuwa kwenye dola 16.50 mwaka 2025. Ni kweli kwamba waajiri wengi wa Dallas au Atlanta hulipa zaidi ya kima hicho, lakini pengo halizibiki lote. Tuseme mhudumu wa wazee analipwa dola 22 kwa saa karibu na San Jose na anaahidiwa dola 17 mjini Houston. Kwa saa 2,080 za mwaka mzima, amepoteza dola 10,400. Ikiwa pango litashuka kutoka dola 2,400 hadi 1,400 kwa mwezi, ameokoa dola 12,000. Faida iliyobaki ni dola 1,600, na gari la pili ambalo hakulihitaji alikotoka litaimeza kabla ya mwezi wa nne. Sasa chukua muuguzi aliyesajiliwa, au fundi wa kompyuta ambaye mwajiri wake amekubali aendelee kufanya kazi akiwa mbali kwa mshahara uleule: kwao uhamisho huohuo unaweza kubadilisha maisha. Hawa na yule mhudumu watasoma tangazo lilelile la nyumba ya vyumba vitatu, na wote watafurahi.

Kwa kuwa wengi wetu tuko kwenye sekta ya afya, leseni inastahili kutangulia lori. Zaidi ya majimbo 40 yamejiunga na mkataba wa leseni za wauguzi unaomruhusu muuguzi kufanya kazi katika jimbo jingine mwanachama bila kuomba leseni upya. Texas, Georgia, North Carolina, Ohio, Indiana na Washington ni wanachama. California, New York na Minnesota si wanachama. Anayetoka California kwenda Texas ni lazima aombe leseni ya Texas, achukuliwe alama za vidole na kusubiri, na kazi hiyo ifanyike akiwa bado analipwa kule alipo. Hata anayetoka jimbo mwanachama kwenda jingine ana siku 60 za kuomba leseni ya makazi mapya. Wauguzi wasaidizi wana sajili ya kila jimbo, na cheti huhamishwa kwa maombi mradi kiwe hai na kisiwe na doa. Wanaolipwa na mpango wa IHSS wa California kwa kumhudumia mzazi au ndugu nyumbani wafahamu kwamba malipo hayo hayahami nao. Texas ina mipango inayofanana nayo kwa mbali, ila baadhi yake ina orodha za kusubiri zinazochukua miaka.

Sehemu inayofuata inahitaji kusomwa polepole na yeyote ambaye bado si raia. Sheria inamtaka kila mgeni, pamoja na mwenye grini kadi, kuiarifu idara ya uhamiaji na uraia (USCIS) anwani yake mpya kwa fomu AR-11 ndani ya siku 10 tangu kuhama. Wanadiplomasia na wachache wengine tu ndio walioachwa nje. Fomu hiyo hujazwa mtandaoni bila malipo, na kuelekeza barua kupitia posta si mbadala wake. Anayekaribia kuomba uraia apange tarehe zake vizuri, kwa sababu fomu N-400 humtaka mwombaji awe ameishi miezi 3 katika jimbo au wilaya ya USCIS anakoombea. Mwanafunzi wa viza ya F-1 huripoti anwani kupitia ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake, nayo pia ndani ya siku 10.

Waomba hifadhi ambao kesi zao ziko mahakamani wako kwenye hatari kubwa kuliko wote. Mahakama ya uhamiaji ni lazima ipewe anwani mpya kwa fomu EOIR-33 ndani ya siku 5 za kazi, na kuiarifu USCIS peke yake hakutoshi, kwa kuwa hizo ni ofisi mbili tofauti. Zaidi ya hapo, kubadilisha anwani hakuhamishi kesi. Ili kesi itoke Los Angeles kwenda Dallas ni lazima jaji aombwe kwa maandishi, naye anaweza kukataa. Mpaka akubali, tarehe ya kusikilizwa inabaki palepale Los Angeles, na asiyefika hutolewa amri ya kuondolewa nchini bila yeye kuwepo. Tena majaji na mahakama hutofautiana sana katika kiwango cha maombi ya hifadhi wanayoyakubali. Kwa mtu wa kundi hili, mazungumzo na wakili ndiyo hatua ya kwanza kabisa, hata kabla ya kutafuta nyumba, na ikiwa wakili atashauri kuvumilia pango ghali mpaka kesi imalizike, ushauri huo una thamani kuliko punguzo lolote la nyumba.

Ukishajiridhisha kuhusu kazi na makaratasi, panga nyumba kwa mwaka mmoja kabla ya kununua, hata kama fedha za kununua unazo. Wenye nyumba wengi hutaka kipato cha mwezi kiwe mara tatu ya pango, na barua ya ajira ya jimbo jipya hurahisisha mambo kuliko salio la benki. Sababu ya kutokimbilia kununua ni kwamba gharama za nyumba za kule hufichwa mahali ambapo mtu aliyetoka jimbo ghali hakuzoea kutazama. California ina sheria ya mwaka 1978 inayozuia thamani ya nyumba kwa ajili ya kodi isipande zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka wakati haijauzwa. Ulinzi wa Texas ni dhaifu zaidi, kwani kikomo chake kwa makazi ya mwenyewe ni asilimia 10 kwa mwaka, na kodi ya majengo hukusanywa na wilaya, shule, jiji, na katika vitongoji vipya pia na mamlaka ya maji na mitaro, kiasi kwamba jumla huweza kupita asilimia 2.5 ya thamani ya nyumba.

Tazama jinsi jambo hilo linavyomkuta mnunuzi. Texas huthamini mali kama ilivyokuwa tarehe 1 Januari. Nyumba iliyomalizika kujengwa mwezi wa sita ilikuwa kiwanja kitupu tarehe hiyo, kwa hiyo bili ya kodi ya mwaka wa kwanza ni ya kiwanja. Tuseme kiwanja ni cha dola 60,000: kodi ni dola 1,500, na benki inaongeza dola 125 kwenye malipo ya kila mwezi ya mkopo ili kuilipa. Mwaka unaofuata nyumba inathaminiwa kwa dola 320,000 na kodi inakuwa dola 8,000. Benki inailipa, kisha inamwandikia mwenye nyumba kwamba akaunti yake ya kulipia kodi ina upungufu wa dola 6,500. Kuanzia hapo atalipa dola 667 kwa mwezi za kodi ya kawaida pamoja na takriban dola 542 za kufidia upungufu. Malipo yake yameongezeka kwa zaidi ya dola 1,000 kwa mwezi, na hakuna aliyemdanganya. Dawa ni kuitaka benki, kabla ya kusaini, ikokotoe kodi kwa thamani kamili ya nyumba iliyokwisha jengwa, na ukishahamia, kuomba punguzo la kodi la makazi ya mwenyewe katika ofisi ya uthamini ya wilaya, maana lisipoombwa halitolewi.

Bima ya nyumba nayo si ndogo katika majimbo ya vimbunga na mvua ya mawe, na bima ya kawaida haifidii mafuriko. Wakati wa kimbunga Harvey, mwaka 2017, nyumba nyingi za Houston zilizokuwa nje ya maeneo yaliyotajwa kuwa ya mafuriko ziliingiwa na maji. Bima ya mafuriko ya serikali kuu kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa, kwa hiyo utabiri wa hali ya hewa ukishatangazwa umechelewa.

Kuhusu umeme, wakazi wa Houston na Dallas huchagua kampuni wenyewe. Austin na San Antonio zina mashirika ya jiji. Chagua mkataba wa bei isiyobadilika. Waliokuwa kwenye bei ya soko wakati wa baridi kali ya Februari 2021 walipata bili za maelfu ya dola kwa siku chache. Bima ya gari pia itakushangaza ikiwa historia yako ya mikopo ni changa: California na Massachusetts haziruhusu kampuni za bima kuitumia katika kupanga bei, lakini Texas inaruhusu.

Bima ya afya isisahauliwe. Majimbo 10, yakiwemo Texas, Florida, Georgia na Tennessee, hayakupanua Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato cha chini, na humo mtu mzima mwenye kipato cha chini, asiye na mtoto wala ulemavu, mara nyingi hapati chochote. Medicaid na msaada wa chakula havihami. Hufungwa unakotoka na kuombwa upya unakokwenda. Mwenye mtoto anayekaribia chuo ahesabu miezi 12 ya ukaazi ambayo kwa kawaida hutakiwa kabla ya kulipa ada ya wenyeji.

Jamii pia ina thamani ya fedha, ingawa haiandikwi kwenye bajeti. Dallas na Atlanta zina Wakenya wengi, na Wakongo wanaosema Kiswahili wako Louisville na Des Moines. Kwenye msiba, kusafirisha mwili kwenda nyumbani huwa mzigo wa watu wengi mahali penye watu wengi. Anayekwenda mji usio na mtu wake abaki mwanachama wa chama chake cha zamani na aendelee kutoa michango.

Kwa upande wa mizigo, lori la kukodi la njia moja kutoka California huwa ghali kuliko la kwenda huko, kwa kuwa wanaotoka ni wengi. Ukitumia kampuni, hakikisha namba yake ya usajili (USDOT) katika kumbukumbu za FMCSA, wakala wa serikali kuu unaosimamia malori, uliza kama ni wenye malori au ni madalali, na usilipe sehemu kubwa mapema. Wapo wanaopakia vitu kisha wakavizuia hadi uongeze fedha. Usitunze risiti za safari kwa kutarajia punguzo la kodi ya serikali kuu, kwa kuwa tangu 2018 raia wa kawaida hapati tena punguzo hilo.

Ukifika, Texas inakupa siku 30 za kusajili gari na siku 90 za kubadilisha leseni ya udereva, ilhali Georgia inakupa 30 kwa leseni. Tunza mkataba wa pango, bili ya kwanza ya umeme na hati ya mshahara yenye anwani mpya, kwa sababu msimu wa kodi utakapofika utatakiwa kuonyesha tarehe uliyoondoka. Mwaka huo jimbo la zamani litakudai ritani ya mkazi wa sehemu ya mwaka, na jimbo jipya nalo likiwa na kodi ya mapato litakudai ya kwake. Mwenye mwajiri wa New York aliyehamia kwingine na kuendelea kufanya kazi nyumbani kwa matakwa yake mwenyewe ataendelea kutozwa kodi na New York, na hilo ni vyema alijue kabla hajakubaliana na mwajiri wake.