Kuwakinga Watoto na Joto la Nairobi: Kivuli Kwanza, Maji Baadaye

Kati ya Januari na katikati ya Machi, kabla mvua ya masika haijaanza, jua la Nairobi huwa kali kiasi kwamba nyumba ya mabati, na hata chumba cha ghorofani kinachoelekea magharibi, hakikaliki na watoto mchana. Wazazi wengi hukimbilia bwawa la kuogelea saa sita, na hapo ndipo ninapowasihi wabadili mpango. Jiji hili liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na joto lake si la Mombasa, ambalo humfuata mtu hadi chini ya mwembe. Hapa hewa ni kavu, na kinachotesa hasa ni miale ya jua, ambayo huzidi ukali kadiri mtu anavyopanda juu. Ukimtoa mtoto juani na kumweka chini ya miti, umekwisha kumpunguzia sehemu kubwa ya taabu. Kwa hiyo siku ianzie kivulini, na imalizikie majini.

Kwa kivuli, sijaona mahali panapoushinda Msitu wa Karura, ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania kwa jasho na damu mwaka wa 1999 ulipokuwa ukinyakuliwa. Ingia asubuhi mapema kupitia lango la Barabara ya Limuru au la Barabara ya Kiambu, ukiwa na pesa kwenye simu kwa ajili ya kiingilio. Njia ya kuelekea kwenye maporomoko ya maji na mapango yaliyotumiwa na wapiganaji wa Mau Mau hupita chini ya miti kwa sehemu kubwa, na watoto wa shule ya msingi huimudu bila manung'uniko. Wakifika mtoni watatamani kujitosa, wakatalie. Mito ya Nairobi hubeba majitaka, na kumwacha mtoto achezee maji yake ni kumtafutia maradhi.

Mwenye watoto wadogo wasioweza mwendo mrefu atafaidika zaidi na Arboretum, bustani ya miti iliyoanzishwa mwaka wa 1907 karibu na Ikulu, ambako unaweza kutandika leso na kukaa hadi alasiri. City Park, huko Parklands, nayo ina miti mikubwa ya kale. Katika bustani hizi mbili jihadhari na tumbili na kima: hawasubiri kualikwa, na mtoto aliyeshika ndizi wazi mkononi huweza kunyang'anywa kabla hajaimenya. Walishe watoto mkiwa mmewazunguka, kisha fungeni mikoba. Kumbuka pia kwamba tangu Juni 2020 chupa za plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku katika misitu na mbuga zilizohifadhiwa, hivyo beba maji katika chupa ya chuma au ile ngumu ya shuleni.

Maji yenyewe yapewe kipaumbele kuliko soda. Mpe mtoto kidogo kidogo hata kabla hajalalamika kiu, na umwongezee machungwa au tikiti maji. Mtoto aliye chini ya miezi sita haongezewi maji. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi. Kofia yenye ukingo mpana na shati jepesi la mikono mirefu hufanya kazi kubwa, na mafuta ya kukinga jua yapakwe tena baada ya kuogelea. Mtoto mwenye ualbino asitoke bila vitu hivi vyote, hata mawingu yakitanda.

Ikishatimu saa tisa alasiri, jua likianza kulegea, nendeni kuogelea. Mabwawa ya viwanja vya michezo vya Kasarani na Nyayo ni ya mashindano, na kina chake kinawafaa wanaojua kuogelea; kwa wanaojifunza, tafuta hoteli au klabu yenye kidimbwi cha watoto, na upige simu kwanza, kwa maana mabwawa hufungwa kwa ukarabati au hafla bila tangazo kubwa. Ukifika, simama ukingoni utazame chini. Ikiwa huoni waziwazi chujio la sakafuni kwenye kina kirefu, maji hayo ni machafu na mtoto akizama hataonekana. Ondokeni, hata kama mmekwisha kulipa. Karibu kila bwawa hudai vazi rasmi la kuogelea, hivyo kaptura ya jinzi itamfanya mtoto abaki akitazama wenzake.

Hapa sitalegeza neno hata kidogo: mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele. Mtu mzima mmoja, aliyetajwa kwa jina na asiyeshika simu, awe ndani ya maji au ukingoni kwa umbali wa mkono kutoka kwa mtoto asiyejua kuogelea, na akichoka akabidhi zamu kwa kutamka. Maboya ya kupuliza ya mikononi si kinga, na mlinzi wa bwawa ana watoto wengi wa kutazama. Midomo ikianza kutetemeka, mtoe mara moja na umfunge taulo kavu, kwa kuwa upepo wa jioni hapa hupoza mwili uliolowa haraka sana.

Siku ambayo nauli haipo, karai la maji kwenye kivuli cha ua linatosha kabisa. Kaa nalo muda wote, kwani mtoto anayetambaa anaweza kuzama katika maji ya sentimita chache tu, na mchezo ukiisha yamwage papo hapo kwenye sukuma wiki, hasa mgao wa maji unapobana.