Kucheza na mzee mwenye ugonjwa wa kusahau

Nahudumia wazee majumbani, hapa Unguja. Nikiingia nyumba mpya karibu kila mara nakuta watu wamemzunguka mzee: "Babu, mimi nani? Haya, na huyu?" Wanadhani wanamchezesha, kumbe wanamtahini, naye akikosea anaona haya. Hilo liachwe leo leo.

Hatua ya 1: Uliza mikono yake ilizoea nini. Dimensia, yaani huu ugonjwa wa kusahau, huanza kula mambo ya karibuni: chakula cha mchana, jina la mjukuu. Kilichozoeleka mikononi tangu ujana hukawia kupotea. Kwa hiyo uliza ndugu zake: alisuka ukili? Alikaa barazani kwenye bao au dhumna? Bibi mmoja nilimpelekea kalamu za rangi, akazisukuma kando. Nilipomletea ungo na mchele, alipepeta huku akinisema kwamba nimenunua wenye chuya.

Hatua ya 2: Chagua saa. Asubuhi baada ya chai, ameshakwenda msalani, miwani ipo usoni, televisheni imezimwa. Magharibi wengi huhangaika, wanataka kwenda kwao hali wako kwao. Dakika 15 au 20 zinatosha.

Hatua ya 3: Punguza sheria. Bao kamili lina mashimo 32 na kete 64, na kwenye namua, yaani sehemu ya kwanza ya mchezo, kila mchezaji huanza na kete 22 za akiba. Ni mzigo mkubwa kwake. Mimi hutumia upande mmoja tu, mashimo 16, kete mbili mbili, kisha namwambia, "Mzee, nifundishe." Anachota, anagawa mpaka kete ilale, yaani ya mwisho iangukie shimo tupu. Akigeuza njia, nageuka naye. Zamani niliwahi kusema, "Siyo huko, babu," akafumba kiganja, na bao hakuligusa tena wiki nzima.

Hesabu kete kabla na baada. Komwe, zile mbegu tunazofanya kete, huteleza, na mzee anayetia vitu mdomoni anaweza kupaliwa; huyo mpe ukili au kanga za kukunja.

Hatua ya 4: Tega kitendawili, kisha ushindwe. Hii ndiyo niipendayo. Mwache atege yeye. Ukishindwa, atadai mji. Mpe Mombasa. Mzee mmoja alinikatalia, "Mombasa sitaki, nimeshafika na jahazi," na hapo ndipo safari nzima ikatoka, upepo, shehena na mabaharia wenziwe. Akinyamaza, usimjazie maneno, subiri. Jibu lake hata likiwa la kitendawili kingine, lipokee.

Hatua ya 5: Acha kabla hajachoka. Anaanza kutazama mlangoni, au mikono inarudi mapajani. Toa bao taratibu. Andika daftarini kilichomchekesha, atakayekuja zamu ya jioni akione.

Ila akibadilika ghafla, jana alicheza na leo hajui hata alipo au analala tu, usitafute mchezo mwingine. Huenda ana maambukizi ya mkojo, amepungukiwa maji, au dawa mpya imemzidi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.