Kukunja karatasi moja iwe kijitabu cha kurasa 16
Mwaka 1501, mjini Venice, mchapishaji Aldus Manutius alitoa mashairi ya Virgil, mshairi wa Kirumi, kwa umbo dogo la kushikika mkononi: karatasi kubwa iliyokunjwa mara tatu, majani 8, kurasa 16. Umbo hilo linafaa sana kwa kijitabu cha dua au mashairi, na hapa Unguja na Pemba linahitaji A3 ya gramu 80, sindano, uzi na mashine ya fotokopi.

Anza na karatasi tupu. Ikunje mara tatu (namna ya kukunja iko hapo chini), andika nambari za kurasa kwa penseli, ifunue. Ukiilaza kwa upana, upande wa nje safu ya chini husomeka kutoka kushoto 4, 13, 16, 1. Ya juu, iliyo kichwa chini, 5, 12, 9, 8. Upande wa ndani: chini 2, 15, 14, 3, juu 7, 10, 11, 6. Kila safu ina jozi mbili, na kila jozi jumla yake ni 17. Isipofika 17, kuna ukurasa umekaa pasipo pake. Kijitabu cha Kiarabu hufunguliwa kulia, basi geuza kila safu: 1, 16, 13, 4.

Panga kurasa zako kwa nambari hizo. Kabla ya kutoa nakala, mmoja asome kwa sauti na mwingine afuatishe rasimu. Mwaka 1503 Aldus alitangaza orodha ya makosa ya wachapishaji waliomwiga kule Lyon, Ufaransa. Wakaitumia kusahihisha nakala zao.

Ikitoa pande mbili, mashine igeuze karatasi kwa ukingo mfupi. Ikigeuza kwa ukingo mrefu, ukurasa wa 2 unaangukia nyuma ya 5 na rimu nzima imepotea. Masika usifungue rimu mpaka saa ya kazi, maana karatasi iliyonyonya unyevu hujikunja na pande mbili hazilingani. Jaribu pia kuchana kipande: nyuzi za karatasi hufuata upande unaopasuka kwa mstari ulionyooka. Zifuate mgongo wa kijitabu, yaani zielekee sawa na ule upande wa A3 wa milimita 297, la sivyo kijitabu hakilali.

Weka upande wa ndani juu, 2 ikiwa chini kushoto. Kunja kulia kwenda kushoto, 3 ikutane na 2. Kunja juu kwenda chini, 5 ikutane na 4. Sasa chana mkunjo wa juu kwa kisu mpaka upite katikati kidogo. Ukiacha, mkunjo wa tatu utafanya makunyanzi kichwani. Malizia kulia kwenda kushoto, 9 juu ya 8, ukisugua kwa mgongo wa kijiko. Kwa Kiarabu, kulia na kushoto vibadilishane.

Fungua kati ya 8 na 9, toboa matundu matatu mgongoni, anza kushona tundu la kati kwa ndani na ufunge fundo humo humo. Kukata ni mwisho: milimita 3 juu, chini na mbele. Majani ya kati hujitokeza nje kidogo, kwa hiyo acha pambizo ya mbele isiyopungua milimita 12.