Kabla simu za waya wa shaba hazijazimwa Uingereza: mambo ya kuzingatia nyumbani

Ukiishi Uingereza na nyumbani kuna simu ya mezani, barua ya kampuni ya simu usiiweke pembeni na matangazo ya pizza. Mtandao wa zamani wa simu, ule unaotajwa kwenye barua hizo kama PSTN, umepangiwa kuzimwa mwisho wa Januari 2027. Tarehe ya kwanza ilikuwa Desemba 2025, ikasogezwa mbele ili watu wanaotegemea vifaa vya dharura wapate muda zaidi wa kulindwa. Tangu Septemba 2023 laini mpya za aina hiyo haziuzwi tena. Simu yako itahamia kwenye intaneti, utake usitake.

Kuna jambo moja la kulielewa kwanza, kwa sababu karibu maandalizi yote yanatokana nalo. Waya wa shaba ulikuja nyumbani na umeme wake wenyewe, volti 50 hivi, kutoka kituo cha simu chenye betri na jenereta. Ndiyo maana mtaa mzima ukiwa gizani, simu ya kawaida ya waya iliendelea kufanya kazi. Simu mpya inachomekwa nyuma ya ruta, kile kisanduku cha intaneti, na ruta inatumia umeme wa nyumba yako. Umeme ukikatika, ruta inazima na simu inazima nayo. Novemba 2021 dhoruba iliyoitwa Arwen ilikata umeme kwenye nyumba karibu milioni moja, nyingine kwa zaidi ya wiki. Machi 2022 BT, kampuni kubwa ya simu nchini humo, ikasimamisha kwa muda kazi ya kuwahamishia wateja wake kwenye huduma mpya, baada ya malalamiko mengi.

Kwa hiyo anza na watu, vifaa vitafuata. Mzee anayevaa kitufe cha dharura shingoni au mkononi ndiye wa kwanza kufikiriwa. Watu wapatao milioni 1.8 nchini humo wanategemea vifaa hivyo, na wengi wetu tunaofanya kazi ya kuhudumia wazee tunaingia nyumba zao kila siku. Tafuta kisanduku kinachowasiliana na kitufe, kisha fuata waya wake. Ukiishia kwenye soketi ya simu ukutani, kifaa hicho kinategemea laini ya zamani. Ipigie kampuni inayopokea miito ya kitufe, wasomee jina la modeli lililoandikwa chini ya kisanduku, na uulize kama kitafanya kazi kupitia intaneti au kinahitaji kubadilishwa kwa chenye laini ya simu ya mkononi ndani yake.

Ukimaliza hapo, ipigie na kampuni ya simu. Hatua hii wengi wanairuka, nayo ni muhimu kupita zote. Desemba 2023 kampuni kubwa zilikubaliana na serikali kwamba mtu mwenye kifaa cha namna hiyo hatahamishwa mpaka ithibitishwe kuwa ana kifaa kinachofanya kazi kwenye huduma mpya. Lakini kampuni haiwezi kumlinda mtu isiyemjua. Kama hakuna aliyewaambia kuwa nyumbani kuna kitufe, kwao huyo ni mteja kama wengine. Sema wazi, omba waandike kwenye kumbukumbu za akaunti, na uandike tarehe uliyozungumza nao.

Halafu izunguke nyumba ukifuata nyaya. Kengele ya wezi inayopiga simu yenyewe, mashine ya kadi dukani au saluni, simu ya dharura ndani ya lifti, faksi, kengele ya mlangoni inayolia kwenye simu: vyote hivi huenda vimeshikwa kwenye laini ya shaba bila mtu kukumbuka. Soketi za ziada, ile ya chumbani au ya ghorofani, kwa kawaida zitakufa. Simu itafanya kazi pale ilipo ruta, isipokuwa utumie adapta maalumu au simu zisizo na waya zenye kituo kimoja. Simu ya kale ya kuzungusha kwa kidole huenda isikubali kabisa.

Sasa geuza ruta uitazame nyuma. Kama haina tundu la simu, utahitaji nyingine, na kampuni yako ndiyo ya kuulizwa kabla hujanunua chochote. Kama una fiba, yaani waya mwembamba unaoleta intaneti kwa mwanga, inayoingia mpaka ndani ya nyumba, utaona pia kisanduku kidogo ukutani, mara nyingi cheupe, chenye taa zake na waya wake wa umeme. Hicho ndicho kinachopokea mwanga wa fiba, na ruta inakitegemea. Mtu akinunua betri ya akiba akachomeka ruta peke yake, umeme ukikatika taa za ruta zitawaka vizuri lakini simu haitatoka, kwa kuwa kisanduku cha ukutani kimezima. Betri ilishe vyote viwili.

Kuchagua betri si kazi ngumu. Soma kibandiko cha adapta ya ruta. Kikisema 12V na 1.5A, zidisha: upeo wake ni wati 18. Fanya hivyo hivyo kwa kisanduku cha fiba. Tuseme jumla ni wati 25. Betri ya wati-saa 100 itakupa chini kidogo ya saa 4 kwa matumizi ya juu kabisa, na kwa kawaida zaidi ya hapo, maana vifaa hivi havili upeo wake muda wote. Hakikisha volti na plagi vinalingana. Volti zisizofaa zinaweza kuunguza ruta.

Kabla hujatoa pesa yako, jua haki yako. Kanuni za Ofcom, mamlaka inayosimamia mawasiliano Uingereza, zinazitaka kampuni ziwape wanaotegemea simu ya mezani, mfano nyumba isiyo na mtandao wa simu za mkononi, njia ya kupiga simu za dharura kwa angalau saa 1 umeme ukikatika, bila malipo. Omba. Kwa maoni yangu saa 1 ni ndogo mno kwa mzee anayeishi peke yake kijijini, kwa hiyo kama uwezo upo, ongeza betri yako mwenyewe.

Wengine husema wana simu ya mkononi, basi hawana shida. Ni kweli kama mtandao unashika ndani ya nyumba. Lakini kama simu yako inashika kwa sababu tu inapiga kupitia Wi-Fi, itanyamaza pamoja na ruta. Ijaribu leo: zima Wi-Fi, simama jikoni na chumbani, utazame kama mtandao upo. Kumbuka pia kwamba 999, namba ya dharura, hupitia mtandao wowote unaopatikana hata kama wa kampuni yako haupo, na kwamba 105 ni namba ya bure ya kuripoti umeme uliokatika England, Scotland na Wales.

Kuhusu namba yako ya zamani, usikate mkataba kwanza ndipo utafute kampuni nyingine. Namba huhamishwa ikiwa bado hai. Baada ya kuhama, kwenye huduma nyingi utalazimika kupiga namba nzima pamoja na msimbo wa eneo, hata kwa jirani. Mwambie mama au bibi mapema, na kama ana namba zilizohifadhiwa kwenye simu, zibadilishe wewe. Matapeli nao wanautumia mpito huu: mtu akipiga kuomba namba za kadi ya benki ili "laini isikatwe", kata simu, kisha piga namba iliyo kwenye bili.

Siku ya kuhama, awepo mtu nyumbani anayeweza kuchomoa na kuchomeka. Hamishia waya wa simu kutoka ukutani kwenda kwenye ruta, piga kwenda simu ya mkononi, kisha upigiwe. Bonyeza kitufe cha dharura, usubiri mpaka sauti ijibu, uwaeleze kuwa ni jaribio. Mwisho zima umeme kwenye soketi inayolisha betri, piga tena, na uandike betri ilichukua muda gani kuisha.