Geuza ndege ukiwa bado unaona maji

Nimerusha Cessna za injini moja kutoka Mwanza kwa miaka 14: Rubondo, Musoma, Seronera. Marubani vijana hupenda kuniuliza nifanyeje injini ikizimika juu ya ziwa. Wingu hawaliulizii, na mimi ndilo ninaloliogopa.

Ziwa letu, Victoria, lina tabia yake. Mchana upepo hutoka majini kwenda nchi kavu. Usiku hugeuka, pepo za pande zote zikakutana huko katikati, ndiyo maana radi hupiga ziwani usiku wa manane hadi alfajiri. Ukiondoka asubuhi unapita kwenye mabaki ya mvua hiyo, hata kama Mwanza jua limeshawaka.

Asubuhi moja ya Novemba nilitoka Rubondo na abiria watatu. Mmoja alikuwa anaunganisha ndege ya Dar saa nne. Aliniuliza mara mbili, "Kapteni, tutawahi?" Maji yalikuwa ya kijivu, anga ya kijivu, mpaka kati yao hauonekani. Nikashuka kidogo nikae chini ya wingu, nikashuka tena, mara kioo chote kikawa cheupe.

Abiria wa mbele alikuwa ameshika chupa ya maji iliyofika nusu. Nikaitazama: maji yametulia, hayajaegemea upande wowote. Mwili wangu nao ulisema tuko sawa. Lakini kipimo cha mkao wa ndege kilionyesha bawa la kushoto limelala nyuzi 30, na tulikuwa tunashuka.

Kipimo ndicho kilichokuwa sahihi. Ndege ikigeuka taratibu bila kutikisika, majimaji ya ndani ya sikio huzoea mzunguko ndani ya sekunde 20 hivi, nawe unaacha kuusikia. Jaribu nyumbani: kaa kwenye kiti cha ofisini kinachozunguka, fumba macho, mwenzako akuzungushe polepole kwa nusu dakika, kisha apunguze mwendo. Utaapa kwamba sasa unazungukia upande wa pili.

Chuo Kikuu cha Illinois kilipima jambo hili mwaka 1954 kwa marubani 20 wasiojua kuruka kwa vyombo, yaani kwa kutazama vipimo tu bila kuona nje. Wote walishindwa kuidhibiti ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Na uzoefu haukukingi. Januari 2020, rubani wa helikopta iliyombeba mchezaji wa kikapu Kobe Bryant alimwambia mwongoza ndege kwamba anapanda apite juu ya mawingu, kumbe helikopta ilikuwa inageuka kushoto na kushuka. Walikufa wote 9.

Sasa kazi yako. Uamuzi ufanye ukiwa chini. Chini ya futi 10,000, anayeruka kwa kuona anatakiwa aone kilomita 5 mbele, akae mita 1,500 pembeni mwa wingu na futi 1,000 juu au chini yake. Hizo kilomita 5 hutazipima kwa macho juu ya maji matupu, kwa hiyo chagua visiwa kwenye ramani kabla ya kuwasha injini. Ukifika kilomita 5 kutoka kisiwa na hukioni, geuza hapo hapo. Usishuke. Uso wa ziwa uko kama futi 3,700 juu ya usawa wa bahari. Altimita, kipimo cha urefu kutoka usawa wa bahari, ikisoma 4,200 una futi 500 tu chini yako.

Ukishaingia winguni, acha kutafuta kitu nje ya kioo. Nyoosha mabawa kwanza kwa kufuata kipimo. Kama pua imeinama na kasi inapanda, punguza nguvu ya injini, nyoosha mabawa, ndipo uinue pua. Ukivuta usukani bawa likiwa limelala, unazidi kukaza mzunguko. Ukitulia, geuka kwa nyuzi kama 15 za bawa. Kama dira ilisoma nyuzi 100, tokea kwenye 280, nyuma ulikotoka. Itachukua kama dakika moja, nayo ni ndefu mno, usiikatishe.

Kisha ongea na mnara: sema umo winguni na huna kibali cha kuruka humo. Najua vijana wanaoogopa adhabu hukaa kimya hapa. Lakini ndani ya wingu hilo kunaweza kuwa na ndege ya abiria inayoshuka Mwanza kwa vyombo, na mwongoza ndege ameitenganisha na zote anazozijua. Wewe hakujui uko wapi mpaka useme.

Mimi nilitoka upande nilioingilia, tukarudi Rubondo, tukaondoka saa tano anga likiwa wazi. Yule bwana alikosa ndege yake. Tangu siku hiyo, kabla sijawasha injini huwageukia abiria: "Ndugu zangu, tukikuta wingu tunarudi hapa hapa. Mwenye haraka apige simu sasa aseme anaweza kuchelewa." Wanapiga simu, ndipo nawasha.